Alivyomsikia kwa Bega

Shemeji yangu Chebo Quintanar ndiye mvuvi bora niliyewahi kukaa naye boti moja, na nasema hivyo huku bado ananiudhi. Miaka ishirini na mbili ananicheka. Nikivuta mapema anacheka, nikichelewa anacheka zaidi, na mwenyewe hakosei, shetani yule.

Mimi ni Rosalba. Nilikuwa fundi wa mabasi ya shule mpaka nilipostaafu, na Chebo ni mdogo wa marehemu mume wangu. Tunavua besi, wale samaki wa mdomo mpana, katika bwawa la Encina Vieja, huku vilimani nyuma ya San Diego. Minyoo hatuitaki. Chambo chetu ni samaki wa mpira, anazidi urefu wa kiganja, amepakwa rangi ya trauti, samaki wa maji baridi, na ukimvuta mkia wake unapiga maji kama wa samaki hai. Kila majira ya baridi wenye bwawa humwaga trauti kutoka kwenye lori, na besi wakubwa, wale wa kilo tano kwenda juu, hutoka kilindini kuja kula. Na sisi hutoka vitandani.

Uvuvi huu wote uko mikononi. Besi mkubwa ana hila. Anakuja nyuma ya chambo, anagonga mkia kwanza, tik, anaonja. Ukivuta hapo umemnyang'anya chakula, na humwoni tena. Mimi huvuta hapo. Najua nisivute, lakini huvuta, damu yangu ndivyo ilivyo. Inatakiwa uendelee kuzungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kama hujui kitu, mpaka usikie uzito, kama umenasa tambara bichi chini ya maji. Hapo sasa unageuza kiuno na kuipeleka fimbo ya kuvulia pembeni, chini chini, ndoana iingie. Na kuna kudona kubaya zaidi, ambako husikii chochote. Mkia uliokuwa ukipiga unanyamaza, basi, kwa sababu samaki ameshaufumbia mdomo na anakuja upande wako. Chebo alikuwa anawatambua wa namna hiyo huku ananisengenyea majirani.

Halafu akaugua. Dawa za saratani zilimponya tumbo zikamwachia vidole vilivyokufa. Hajui kama ameshika funguo mpaka atazame. Mwaka mzima hakugusa fimbo. Ijumaa moja ya Februari ndiyo aliniambia twende, na tulipokuwa kwenye foleni ya magari getini, tunangoja wafungue, akasema bila kunitazama:

"Shemeji, leo nikishindwa kumtambua hata mmoja mwenyewe, boti nauza."

"Acha upuuzi."

"Sijasema nimpate. Nimesema nimtambue. Na wewe usinisaidie."

"Nikusaidie mimi? Si ulisema mikono yangu ni ya kufungulia nati?"

"Ndiyo maana nakwambia usinisaidie."

Nilicheka, lakini nilijua hatanii. Boti ile aliichomelea mwenyewe, bati kwa bati, yeye na mume wangu. Akiiuza atakaa sebuleni kutazama ukuta, na mtu wa namna ile ukimweka sebuleni hafiki mbali.

Jua lilipochomoza tulikuwa tumeshatia nanga mbele ya rasi ya mawe. Akatupa. Kutupa hakusahau, Mungu ni mkubwa, chambo kilitua pale pale alipotaka, karibu na mwamba. Akaanza kuzungusha polepole. Na mimi, badala ya kuvua, nikakodolea macho mshipi wake.

Mara ya tatu kutupa nikaona mshipi unaruka pembeni, kiasi cha upana wa kidole. Amedona! Chebo anazungusha tu, uso mkavu, hajui. Mshipi ukalegea, ukarudi kama ulivyokuwa.

"Chebo, vuta!" Nilishapiga kelele kabla sijajizuia.

Akavuta. Maji matupu.

"Huyo alikuwa wako," akasema. "Wewe ndiye uliyemwona."

"Lakini alikuwa kwenye fimbo yako!"

"Rosalba, anayetambua ndiye mwenye samaki. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri sana, karibu saa nzima. Kisha mshipi ukatikisika tena, na koo langu likapata kikohozi, kikavu, cha ghafla.

Chebo akageuka taratibu. "Una mafua?"

"Vumbi."

"Vumbi. Katikati ya maji."

"Basi ni umande! Kwani mtu hakohoi?"

"Ukikohoa tena nakurudisha gatini ukakohoe na bata."

Hakucheka. Ndicho kilichonitisha. Aliitazama mikono yake, akaifinya, akaipuliza, kama mtu anayejaribu kuwasha moto kwenye kuni mbichi. Samaki wa pili alikwisha kwenda. Nilijifanya natafuta kitu kwenye sanduku la vyambo kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na nilikuwa nayachukia machozi yenyewe, na saratani, na mume wangu aliyekufa akaniachia mdogo wake mkaidi hivi.

Saa nne nikatoa chakula. Mikate ya maharage na mayai, nimeikunja na kuifunga kwenye karatasi ya bati na taulo, bado ina joto kidogo. Chebo akachukua wake kwa mkono wa kushoto, lakini chambo alikuwa ameshakitupa na hakutaka kizame. Basi akaibana fimbo kwapani, kitako chake kikaingia chini ya bega, akawa anazungusha kwa mkono wa kulia huku anatafuna. Akatafuna mara mbili. Akaacha kutafuna.

"Shemeji."

"Nini? Chumvi imezidi?"

"Nyamaza kidogo." Akazungusha. Akasimama. Akazungusha tena. "Nausikia mkia."

"Unausikia wapi?"

"Hapa." Akagonga mfupa wa bega kwa kidevu. "Tu, tu, tu. Umo humu ndani."

Mkate akautupa chini, mkate wangu niliouamkia saa tisa! Sikumsema. Akasimama, akakitia kitako cha fimbo kwenye shimo la bega, ncha akaielekeza majini, akaegemea mbele kama askari anayelenga. Mvuvi gani anasimama hivyo? Kwenye boti ya jirani walikuwapo vijana wawili wenye miwani ya bei, wakamtazama wakaguna.

"Mzee, unavua au unapigana vita?" mmoja akauliza.

"Navua," akasema Chebo. "Vita ni huyu shemeji yangu."

Akafumba macho. Nakwambia akafumba macho, mtu ambaye tegemeo lake lililobaki lilikuwa macho. Akaanza kusema kwa sauti ndogo, akifuata mkia, tu, tu, tu, tu, nami nikafuata pamoja naye moyoni. Akatupa mara kumi. Akatupa mara ishirini. Kila mara tu, tu, tu, mpaka chambo kinafika ubavuni mwa boti. Chambo kikigusa jiwe anasema "jiwe." Kikipita kwenye majani anasema "majani." Nilikuwa natazama, na kila alichosema kilikuwa kweli, chambo kinatoka majini na uzi wa kijani ukining'inia. Mwaka mzima wa kufa ganzi, na mtu huyu alikuwa anaanza upya darasa la kwanza, mbele ya watu, bila haya.

"Tu, tu, tu, tu," akasema.

Kisha hakusema kitu.

Nikautazama mshipi. Umenyooka, umetulia, hakuna kilichoruka, hakuna kilichotikisika. Ningekuwa mimi ningesema hakuna kitu, ningeapa kwa kaburi la mama yangu hakuna kitu. Chebo hakuvuta. Akaongeza kasi ya rili, mara moja, mbili, tatu, uso umemkunjamana, anakusanya ulegevu wote wa mshipi, na mimi nimejiuma mdomo mpaka nikaonja damu. Nne. Tano. Fimbo ikaanza kuinama yenyewe.

Hapo ndipo alipogeuza kiuno. Hakutumia nguvu, aligeuka tu, mwili mzima pamoja na fimbo, kama mtu anayefungua mlango mzito kwa bega. Na maji yakapasuka.

"Huyo wangu!" akapiga kelele. "Rosalba, huyo wangu!"

"Wako! Wako, ndugu yangu, sikuona kitu!"

Besi akaruka, mdomo wazi, kichwa anakitikisa. Huyo alikuwa mama wa besi wote, nakadiria kilo sita na ushee. Vijana wa miwani wakasimama. Chebo akamzungusha mbele ya boti, akamtoa chini ya kamba ya nanga, akamleta ubavuni amechoka, amelala upande. Nikashika wavu wa mpini. Kila mtoto anajua wavu unautanguliza majini, samaki anaongozwa kichwa kwanza. Mimi, miaka ishirini na mbili kwenye maji, nikamrukia kwa nyuma kama nafukuza kuku. Ukingo wa wavu ukampiga shavuni. Ndoana ikachomoka. Akabaki hapo kidogo, ananitazama, kisha akapiga mkia akaenda zake.

Niliketi kwenye sakafu ya boti nikalia kwa sauti. "Nimekuua, Chebo. Nipige. Nitupe majini."

Chebo alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtiririka, fimbo bado begani. "Kama nafukuza kuku!" alisema, maana nilikuwa nimeshalisema hilo mwenyewe kwa kilio. "Shemeji, mikono yangu imekufa, na yako ina udhuru gani?"

Alasiri tukarudi gatini, tukaivuta boti kwa gari mpaka kwenye kibanda cha getini. Mzee Odell, mlinzi wa hapo, lazima aandike samaki wa kila boti kabla haijatoka.

"Wangapi?"

"Sifuri," akasema Chebo, meno yote nje.

"Sifuri, na unacheka hivyo?"

"Nipe daftari la kujiandikisha, tunakuja Ijumaa ijayo."

Odell akalisogeza daftari, akaitazama mikono ya Chebo. "Nikuandikie?"

"Nina mikono."

Penseli ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena, ikabingirika chini ya meza. Nyuma yetu mtu akapiga honi. Nikamgeukia nikamwambia akipiga tena nitakuja nizime hilo gari lake kwa mkono, na naijua njia. Kisha nikasimama, nikasubiri, mimi nisiyeweza kusubiri chai ipoe. Chebo akaikumbatia penseli kwa ngumi nzima. Akaandika polepole, herufi zimepinda, karatasi ikatoboka mahali pawili.

Alipomaliza jina lake akashuka mstari wa chini, akaandika langu.