Sura ya Mwisho Ina Kuku

"Shangazi, hiki kitabu umekilisha nini?"

Fundi wa kushona mafaili aliinua macho juu ya miwani yake, yenye mkono mmoja wa kweli na mwingine wa uzi. Mlangoni amesimama Chujio, miaka kumi na saba, bendeji mkononi, ndala zote mbili za mguu wa kushoto. Wenzake wa wodi ya vijana walimpa jina hilo kwa sababu figo zake ziligoma, na mara tatu kwa wiki mashine inamchujia damu. Jina lilipotoka, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Kimefanya nini?"

"Sikiliza." Akafungua riwaya, akakaza sauti kama mtangazaji. "'Alimshika mkono, mkono mwepesi kama karatasi. Mpenzi wangu, alisema, kabla sijaondoka nataka ujue kwamba...' Nafunua ukurasa, eh. '...vifaranga wa wiki ya kwanza wasibanane, na maji yao yabadilishwe kila asubuhi.'"

Shangazi Gundi, kama wodi nzima ilivyomwita, alikinyakua kitabu. Ni kweli. Wiki iliyopita alikuwa na wagonjwa wawili mezani, wote wamebanduka majalada: riwaya ya wodini, na mwongozo wa kufuga kuku wa mlinzi wa getini. Ukubwa mmoja, karatasi zimepauka sawasawa. Miwani ikadumbukia kwenye sufuria ya gundi, naye akaona asipoteze muda, akashona kwa kupapasa. Miaka ishirini na mbili anashona mafaili ya hospitali, hajawahi kumpa mtu mapafu ya mwenzake. Siku moja tu, kawapa wapendanao kuku.

"Kumbe ndiyo maana mlinzi kanirudishia chake asubuhi hii, ananiuliza tangu lini kuku wanaagana kwa machozi. Lete hapa, dakika kumi tu."

"Usikirekebishe!" Chujio akakaa juu ya rundo la mafaili, jambo ambalo mtu mwingine angefukuzwa kwalo. "Leo saa nne Wakili anaingia kupasuliwa."

Wakili alikuwa binti wa kitanda cha dirishani, mbishi hata kwa kipimajoto. Mlango mmoja wa moyo wake haukuwa unafunga vizuri, ukawa unavujisha damu kurudi ilikotoka.

"Tunasoma wote, kila siku sura moja. Anataka tumalize kabla hajaingia. Na mimi nilishakisoma shuleni. Yule msichana anakufa, Shangazi. Anakufa kurasa tisa."

"Tisa nzima?"

"Hawa waandishi wakishapata mgonjwa, hawamwachii."

"Kwa hiyo unataka nimdanganye mtoto wa watu."

"Nataka uchelewe tu. Wewe si fundi? Mafundi si ndiyo kazi yenu?"

Shangazi alicheka mpaka sindano ikamtoka. Lakini kijana alipoondoka kwenda kupimwa uzito, kicheko hakikukaa. Alichukua wembe, akakata uzi wa kitabu cha mlinzi, akatoa zile kurasa tisa na kuzitia mfuko wa aproni. Kisha akapanda ngazi na riwaya yake ya kuku, hajui bado atatoa mwisho upi.

Wakili alikuwa kitandani, kofia ya upasuaji imemfika kwenye nyusi. Mama yake alikuwa anakunja shuka lililokwisha kukunjwa.

"Mama, naomba ukaniulizie kama wanakaribia." Mama alipotoka tu, binti akageuka. "Shangazi, kurasa unazo?"

"Zipi?"

"Usinifanye mtoto. Za mwisho."

Akagusa mfuko. "Ninazo."

"Basi zikae humo humo. Hicho kitabu nimekisoma mara tatu. Chujio ndiye hajui. Alfajiri nilichungulia nikakuta kuku, nikamshukuru Mungu. Sitaki abaki pale benchi anasoma jinsi msichana wa moyo anavyokufa, na mimi niko ndani."

Shangazi Gundi akakohoa, maana kicheko kilikuwa kinakuja na machozi yamepanga foleni nyuma yake.

"Sasa kama umekisoma, kwa nini kila siku unadai sura?"

"Alikuwa ananisomea." Wakili akakagua kucha zake. "Sauti yake inachosha, hata hivyo."

Halafu binti akauliza, bila ubishi wowote, "Shangazi, nitatoka?"

"Sijui, mwanangu. Mimi sijui moyo, najua uzi. Mafaili manene kule chini ni ya watu waliokwenda nyumbani wakarudi, wakaenda tena wakarudi, mpaka wanasumbua rafu. Lako bado jembamba. Jana nililishona upya, nikaacha uzi mrefu, zaingia karatasi nyingine mia."

"Mia tu?"

"Zikijaa nitaongeza, mbishi wewe."

Kitanda kiliposukumwa kwenye korido, Chujio alikuwa tayari pale, ndala zake za kushoto zikipiga kofi sakafuni. Alimtazama Shangazi kwa hofu. Shangazi akampa kitabu, akafunga mdomo kama aliyeushona.

"Soma," Wakili akaamrisha. "Na usiruke."

Akasoma wakitembea. Kwenye vifaranga kutobanana, Wakili akacheka mpaka nesi akamwambia atulie. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka, ukamchukua. Bado alikuwa anasema kwa sauti kwamba kuku wana haki zao, mpaka ulipojifunga.

Chujio akakaa kwenye benchi. "Amefikiri ni kosa la kitabu," akanong'ona. "Hajashtuka kitu."

"Hajashtuka," akasema Shangazi Gundi, mkono juu ya mfuko. "Endelea. Umeambiwa usiruke."

Akaendelea. Chanjo, maranda ya sakafuni, joto la banda. Mwanzoni sauti ilitetemeka, kisha ikapata njia. Saa ya ukutani ilipita saa tano. Mama wa Wakili, aliyekaa mwisho wa benchi, akasogea karibu kidogo, mikono magotini.

"Hiyo taa ya joto," akauliza, "inakaa juu yao, au pembeni?"

Chujio akarudi ukurasa mmoja nyuma, kidole kikishuka mstari kwa mstari, anatafuta.