Koti la Mheshimiwa Linalala Kwao

Bathsheba alikuwa kwenye kigoda jikoni akichambua mboga za chinsaga, majani upande huu, vijiti upande ule, wakati koti la mwanawe liliporudi kutoka mazishini. Lilikuwa limelowa hadi mabegani. Mvua ya Gesima haiangalii cheo. Aliinuka, akalikung'uta mlangoni, akakwangua tope kwenye pindo kwa kijiti, akalitundika kwenye msumari ulio karibu na moto. Koti likaanza kufuka mvuke.

"Umekula huko?" akaliuliza.

Halikujibu, kwa sababu halikuwa na mdomo. Lakini kwenye kola kulikuwa na punje ya wali, kwa hiyo akajua kwamba angalau liliketishwa karibu na chakula.

Koti lilikuwa la buluu iliyokolea, la mwanawe Anyona, mbunge. Siku ya kuwashukuru wapiga kura, yapata miaka minne nyuma, Anyona alicheza sana mbele ya kwaya, akasikia joto, akalivua na kumpa mama yake amshikie. Kisha rubani akamwonyesha mawingu, maana mawingu ya huku hujikusanya kila siku baada ya chakula cha mchana, na Mheshimiwa akakimbilia helikopta akiwa na shati tu. Bathsheba alibaki uwanjani na koti mkononi akingoja mtu atumwe kulichukua. Hakutumwa mtu. Mheshimiwa ana makoti mengine.

Miezi michache koti lilitulia msumarini kama makoti ya watu wengine. Halafu baba yake Osoro, jirani, akafariki. Mheshimiwa alituma ujumbe kwamba atafika bila kukosa. Asubuhi ya mazishi koti lilishuka msumarini, likajinyoosha, likatoka nje na kupanda kilima, mikono ikining'inia, shingo wazi. Waombolezaji waliliona likija, wakasogea lipite. Msimamizi wa shughuli, mtu aliyezoea kusoma rambirambi za watu wasiokuwepo, alishika kipaza sauti na kutangaza kwamba Mheshimiwa amefika kwa sehemu. Likapewa kiti cha mbele, kando ya mchungaji, na likakaa wima hadi mwisho. Watu walirudi makwao wakisema limemshinda mwenyewe, maana mwenyewe angehutubia saa nzima huku marehemu akiungua jua.

Tangu siku hiyo koti halikukosa kazi. Watu walikuja na shida zao na kuzitia mfukoni mwake. Mama mmoja aliweka kipande cha ubao uliooza kutoka kwenye daraja la kuendea kituo cha majani chai. Mwingine aliweka kiganja cha vumbi alilolikuta kwenye bomba la kijiji, kwa sababu maji ya kuweka hayakuwepo. Koti liliinama kwa heshima, na kwa kuwa halikuwa na kichwa, halikumkatiza mtu maneno. Jioni Bathsheba aliyamwaga yote mezani, na yote yakabaki mezani. Aliyewahi kupiga simu Nairobi alijibiwa na mashine.

Hatua chache kutoka jikoni ilisimama nyumba ya Anyona, ya vigae vyekundu, ile nyumba ambayo mwanamume wa huku ni lazima aijenge kwao hata kama hatalala ndani. Na hakuwa amelala ndani. Godoro lilikuwa bado kwenye nailoni. Kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, Bathsheba alifungua madirisha, akaipangusa ile nailoni kwa kitambaa, akafunga tena. Alikuwa na ombi moja tu, ambalo alilipeleka kwa Mungu kwa sababu kwa mbunge halikufika: mwanawe aje alale hapo, hata usiku mmoja, achane ile nailoni kwa mikono yake mwenyewe.

Uchaguzi ulipokaribia, Mwalimu Nyamusi wa shule ya msingi alianzisha neno. Alisema wamechoka na kiongozi wa kushuka kutoka juu kama mvua ya mawe na kuondoka kabla haijayeyuka. Mwaka huu, asiyelala huku asipewe kura. Neno likapendwa. Likapangiwa mkutano Jumapili kwenye uwanja wa shule, na shahidi aliyeaminiwa na pande zote alikuwa mmoja: Bathsheba, shemasi wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kumdanganya hata mtoto kwamba sindano haiumi.

Siku mbili kabla ya mkutano alikuwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, simu yake ilipolia. Alikuwa Anyona mwenyewe.

"Mama, wakikuuliza, waambie naishi hapo."

"Na unaishi hapa?"

"Mama, bana. Nikishinda nitakuja, nilale wiki nzima."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitaenda wapi? Si nitarudi tu nyumbani."

Kisha mtandao ukakatika, au yeye akakata. Ukiwa Gesima huwezi kujua.

Bathsheba alisimama na majani mawili na chipukizi kati ya vidole. Kwa hiyo neno moja tu, hapana, lingemrudisha mwanawe nyumbani. Lilikuwa neno fupi, tena la kweli. Na neno hilohilo lingemwangusha mbele ya watu wote waliomjua tangu akiwa na kamasi. Alimaliza mstari wake bila kuangalia anachochuma, na kituoni wakamrudishia nusu ya kikapu, wakisema majani yamekomaa mno, mama leo una nini.

Jumapili koti liliandamana naye, mkono wake mtupu ukiwa ndani ya kiganja cha Bathsheba. Uwanja ulijaa. Nyamusi hakuzunguka mbuyu.

"Mama Anyona, hatutaki hotuba. Anyona analala hapa?"

Neno lilikuwa limekaa ulimini mwa Bathsheba tangu alfajiri, tayari. Akafungua kinywa. Mkono wa koti ukavikaza vidole vyake, kama mtoto anavyofanya siku ya kwanza shuleni mama akitaka kuondoka.

"Koti lake linalala kwangu," akasema. "Kila siku."

Duke, msaidizi wa Mheshimiwa, kijana wa simu mbili na viatu visivyojua tope, alikuwa amesimama kabla sentensi haijatua.

"Mmesikia kwa shemasi. Analala. Sheria haijasema ni lazima awe ndani ya koti."

Watu walilijadili kwa utulivu. Mzee Nyabuto alisema koti lilimzika mke wake, ilhali wanawe mwenyewe walioko Amerika walituma maua kwenye simu, kwa hiyo yeye hana ujasiri wa kuliita mgeni. Mwingine alisema angalau likija halina walinzi wa kusukuma watu. Ikapigwa kura ya mikono. Koti liliinua yote miwili. Nyamusi aliuliza kama mikono hiyo inahesabiwa, Duke akamuuliza kama yeye alishawahi kuhudhuria mazishi mengi kuliko koti, na hapo ikaamuliwa kwamba Mheshimiwa anaishi huku.

Baadaye Nyamusi alimfuata Bathsheba getini. "Mama, si ungesema tu hapana."

"Mbele yake?" Bathsheba akaonyesha koti, ambalo lilikuwa likipewa soda.

Anyona alishinda. Akaja kushukuru, juu kwa juu kama kawaida, na koti jipya la kijivu. Alipomkumbatia mama yake alinukia sabuni ambayo Bathsheba hakuijua. Bathsheba akamuuliza kuhusu ile wiki. Anyona akasema ratiba, Mama, ratiba. Basi Bathsheba akalishika lile koti la buluu kwa mabega, akalifungua, kama alivyokuwa akimshikia sweta ya shule asubuhi za baridi.

Kwa heshima ya mama Mheshimiwa alivua la kijivu, akajaribu. Mikono iliingia hadi viwikoni ikakwama. Alikuwa amenenepa. Koti nalo lilijitahidi, likajivuta kila upande, mpaka mshono wa mgongoni ukaachia.

"Libaki tu, Mama," akasema akicheka, akilichomoa. "Linafanya kazi nzuri. Kila mtu ananiambia."

Rubani alionyesha mawingu.

Mvua ilipoanza koti lilikuwa bado uwanjani, kola imeelekea kule mlio wa helikopta ulikopotelea. Lilirudi jioni, limelowa na kutetemeka. Bathsheba hakulitundika msumarini. Aliushona mshono karibu na moto, akachukua ufunguo, akalipeleka kwenye nyumba ya vigae. Aliichana nailoni mwenyewe. Ilipiga kelele kubwa katika vyumba vile vitupu. Akalilaza koti kwenye godoro, akalifunika blanketi, akalifunga vifungo kuanzia chini hadi cha juu kabisa, pale ambapo shingo ingekuwa. Likaacha kutetemeka.

Mtu akakohoa kwa adabu mlangoni. Alikuwa yule mama wa daraja, na ubao mwingine uliooza kwapani. Aliuliza kama Mheshimiwa yupo.

"Yupo," akasema Bathsheba. "Amelala."