Neno Lililomkwamisha Ramlo

Maji ya Tana yalikuwa yamelizunguka boma la Diriye tangu mvua ilipokataa kukoma, na kondoo waliosongamana pale kwenye mwinuko wakaanza kutupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Mutiso, bwana mifugo wa Masalani, alipita na boti asiweze hata kushuka. Aliwarushia karatasi iliyofungwa kwenye nailoni.

"Nani hapa anajua kusoma?"

"Huyu," Diriye alisema, akimsukuma mbele binti yake Ramlo.

"Basi soma, mama. Soma yote." Boti ikaenda zake.

Ramlo alikuwa ameishia darasa la saba. Lakini mwalimu Mueni alimwachia jambo moja kichwani: ukikutana na neno geni, usikae hapo kulia nalo. Lipite, fika mwisho, kisha rudi ulitazame limekaa na nani.

Alichuchumaa akasoma. Homa imeingia kwa mifugo. Damu ya mnyama mgonjwa huambukiza. Hapo, kwenye huambukiza, akakwama. Hilo neno hakuwahi kulisikia sokoni wala darasani.

Nyuma yake kondoo mkubwa wa Osob, mama yake, alikuwa ameanguka, anakoroma. Kaka yake Aweys alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe, upesi upesi, kwa maana kondoo akijifia ni kibudu, hata harufu yake ni haramu kuitamani, na wao walikuwa wanashindia chai kavu.

"Haya, msomi," Aweys alisema. "Karatasi inasema nini? Inaleta sukari?"

"Inasema damu yake... nadhani imeharibika."

"Damu hatuli," Diriye alisema. "Inamwagika mchangani, kazi imekwisha. Chinja."

Ramlo alijua hajafika mwisho. Baba alikuwa ameshasema. Akainamia karatasi huku Aweys akipiga bismillahi na miguu ya kondoo ikichapa matope.

Aliyeambukizwa hupata homa kali. Macho huwa mekundu. Hutokwa na damu puani.

Alimgeukia kondoo. Kweli, puani palikuwa na damu. Kumbe wanamsema kondoo, akawaza, na moyo ukamtulia kidogo. Kisha akasoma mstari wa mwisho: Apelekwe hospitali haraka.

Nani amewahi kumpeleka kondoo hospitali?

Alirudi juu. Damu ya mnyama. Aliyeambukizwa. Hospitali. Lile neno lilikuwa limekaa katikati, kati ya mnyama na mtu, na sasa aliona lilikuwa linafanya nini pale. Lilikuwa linavusha ugonjwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Aliinuka. Aweys alikuwa mwekundu hadi viwikoni, na viganja vyake bado vilikuwa na michubuko ya miiba ya ua waliojenga jana. Osob alikuwa ananyoosha sufuria apokee maini. Ramlo aliipiga teke ikaangukia majini.

"Una wazimu?" mama yake aliuliza.

"Hooyo, usiguse. Inaingia kwa mtu. Ndivyo inavyosema."

"Sasa hivi umesema imeharibika," Diriye alisema.

"Nilikuwa sijafika mwisho, aabo."

Aweys aliitazama mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma.

"Ungesoma mbio kidogo, abaayo," alimwambia dada yake, akatabasamu, akaenda kunawa kwenye maji ya mafuriko.

Diriye alivuta mzigo wote wa nyama kwa fimbo, akaufukia. Siku hiyo walilala na njaa na hakuna aliyemlaumu Ramlo kwa hilo. Kisha Aweys akaanza kutetemeka. Macho yakawa mekundu. Karatasi ikawa inasomeka juu ya mwili wake, mstari kwa mstari, bila kuruka. Asubuhi moja Idman, mkewe, alilikunja shuka la mumewe lenye damu, akalificha nyuma ya mgongo wake.

Diriye alisimama ukingoni mwa maji akipunga kilemba chake. Hakuna boti iliyopita.

"Isome tena," Osob alimwambia Ramlo. Alikuwa amempakata mwanawe kama mtoto mdogo. "Labda kuna neno uliliruka. Labda wameandika tufanye nini."

Ramlo aliifungua ile karatasi iliyolowa, akaanza juu, akasoma polepole hadi chini. Safari hii hapakuwa na neno asilolijua.