Ukuta wa Upande wa Kulia

Kazi yangu ni jezi. Kwa miaka ishirini na miwili nimewafulia wachezaji wa besiboli wa Harlan Falls, nimewashonea majina mgongoni na kuyafumua wakiondoka. Wengi siwakumbuki hata sura. Wendell Kasprzak namkumbuka. Alikuja ana miaka thelathini na mitano na goti bovu, na sisi tulikuwa timu yake ya kumi na moja.

Asubuhi yake ya kwanza alitembea kando ya ukuta wa nyuma wa uwanja, upande wa kulia anakolinda, akiugonga kwa ngumi na kutega sikio kama mtu anayechagua tikiti maji. Nikamuuliza kulikoni.

"Dada Lorene, kila ukuta una tabia zake. Lazima nijue mpira utarudi vipi."

Agosti goti likazidi. Kocha akatamka wazi: walinzi wa kulia wawili, nafasi moja, na baada ya mechi ya Jumapili mmoja atafungasha. Wa pili alikuwa Tyrell Dubose, miaka ishirini na miwili, mbio kama swala, mdomo kama cherehani.

"Babu, unapiga hodi ukutani? Wenyewe hawapo!"

Wendell akacheka, halafu akamwita, akamwonyesha ukuta wote, hatua kwa hatua. Nikajisemea, huyu kweli ana wazimu.

Jumapili, raundi ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja. Tyrell yuko uwanjani, Wendell yuko benchi anatafuna mbegu za alizeti. Mpira ukaruka mbali, ukagonga ukutani chini ya tangazo la soseji, palipofunikwa turubai. Mgeni yeyote angesimama mbali akiusubiri urudi. Tyrell alijisogeza karibu kabisa, maana pale nyuma ya turubai ni patupu na mpira hufia papo hapo. Akauokota, akautupa, na mkimbiaji aliyekuwa akileta pointi ya kusawazisha akatolewa kabla hajafika, tukashinda. Wa kwanza kuruka kutoka benchi alikuwa Wendell, goti kalisahau.

Kocha akamchagua Tyrell.

"Umemnolea mwenzio kisu akuchinje!" nilimfokea Wendell, huku nafumua jina lake. "Kwa nini ulimwonyesha?"

"Anavaa jezi yetu, dada. Nimfiche ili tufungwe?"

Machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa machozi. Simu yake ikalia. Timu moja ya kaskazini, mlinzi wao kavunjika mkono. Hakuuliza mshahara wala pa kulala.

"Nakuja," alisema. "Huo ukuta wenu, ni wa mbao au wa matofali?"