Kina Sikuuliza

Programu yangu ya maji kupwa na kujaa, kabla ya kujipanga kiooni, huiuliza kila simu: upana wa kioo chako kiasi gani, na urefu je? Simu, iwe ya aina yoyote, hujibu mawili hayo, basi.

Jumatatu simu moja ilijibu na la tatu: kina, pima kumi na mbili. Nikamfokea Hamid, mwenzangu kazini, kwa kunichezea programu. Akaapa hajaigusa. Nikatazama simu ni ya nani: ya kaka yangu Mjaka, aliyezama nayo Mkokotoni mwaka jana.

Jumanne, pima saba. Jana, mbili.

Leo alasiri, sifuri. Papo hapo sauti ya Mjaka ikapiga hodi ngazini kwetu Shangani, na ulimi wangu usio mfupa ushaitika: "Karibu."