Mjumbe Huru wa Shonajhuri

Tahmina Sikder alikuwa akisomea uzamivu Dhaka, na kwa miaka kadhaa alihangaika na swali moja: kwa nini hisa za kampuni fulani hazitulii, leo ziko juu, kesho zimeporomoka? Alipolinganisha bei za soko na watu waliokalia bodi za kampuni hizo, jibu likamkodolea macho. Kampuni inayoendeshwa na ndugu na marafiki, ambayo wajumbe huru wa bodi yake, wale wasiotakiwa kuwa na undugu na wenye kampuni, ni huru kwa jina tu, ndiyo iliyoyumba kuliko zote.

Msimamizi wake, Profesa Mridha, alifurahi mno. Hakuna aliyeona ajabu kwamba yeye mwenyewe alikuwa mjumbe huru wa Shonajhuri, kiwanda cha nyuzi cha Narayanganj kilichomilikiwa na shemeji zake.

Wala mzee Lutfar, baba yake Tahmina, hakuona ajabu. Alipostaafu ualimu alitia kiinua mgongo chake chote kwenye hisa za Shonajhuri. "Mtu anayemfundisha mwanangu hawezi kunila," alisema.

Mwezi wa Ramadhani bei ikaanza kucheza. Mzee akapanda hadi chuoni, akamkuta profesa kwenye korido pamoja na Tahmina.

"Profesa, nisaidie. Niuze?"

"Uuze? Mzee wangu, unaogopa upepo? Shikilia! Hata mimi nimeshikilia."

Tahmina alikuwa na hesabu zake kichwani, na hesabu zake zilisema uza, uza leo. Lakini kumkosoa mwalimu wake mbele ya baba yake alishindwa. Akainamisha uso. Mzee akaondoka akitabasamu.

Sikukuu ilipopita tu, kiwanda kikatangaza kwamba kimefilisika. Hisa zikawa karatasi.

Tahmina aliingia ofisini kwa profesa bila kubisha hodi.

"Wewe zako uliuza lini?"

Mridha alikuwa akinywa chai. Hakujisumbua kudanganya. "Mara tu niliposoma sura yako ya tatu. Kazi safi ile! Ulinionyesha mwisho wetu kama mtu anavyoonyesha kwa kidole."

"Na baba yangu ukamwambia ashikilie!"

"Shemeji zangu walikuwa hawajamaliza kuuza. Wazee wa aina yake wangeuza wote siku ile, shemeji zangu wangemuuzia nani?" Akasogeza kikombe. "Funga mlango ukitoka, baridi ya kiyoyozi inapotea."

Siku ya kutetea utafiti, Tahmina alisimama mbele ya jopo akaeleza yote. Wajumbe wakatazamana. Mridha akasubiri amalize, kisha akasema kwa upole:

"Mwanangu ameumia, tumwelewe. Lakini nilimfundisha mwenyewe kwamba kilio cha mtu mmoja si ushahidi. Tahmina, baba yako ni wangapi kwenye sampuli yako?"

Mmoja akacheka. Wa pili akafuata. Mwisho jopo zima likacheka, kile kicheko cha watu waliotuliwa mzigo.

Wakampa shahada, tena kwa sifa, na aliyependekeza sifa hizo ni Mridha. Hapo Tahmina akatambua kwamba amezibwa mdomo. Nani angemsikiliza analalamika juu ya mtu aliyempa heshima kubwa namna ile?

Nyumbani mama alikuwa amepika pilau ya nyama ya mbuzi. Tahmina hakugusa. Alikaa karibu na baba yake akamsimulia neno kwa neno, akitarajia amlaani Mridha.

Mzee hakumtaja Mridha hata kidogo.

"Siku ile kwenye korido," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Baba, yule alikuwa mwalimu wangu, ningewezaje..."

"Nimekuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mzee akainuka kwa kushika ukuta. "Basi yule alimwibia mtu baki," akasema. "Wewe je?"

Akaingia chumbani, akatia komeo. Mama akaifunika pilau. Tangu siku hiyo, jamaa wakija kumpongeza mzee kwa kupata binti Dakta, huwajibu, "Mpongezeni mama yake," kisha hugeukia ukutani.