Kiingilio cha Kumwona Judith

Bango la kwanza la mchezo wa kuigiza, lile lililobandikwa stendi ya Makambako kabla ya Pasaka, lilisema elfu tatu. Oktavia alilisoma mara mbili, maana jina la bintiye Judith lilikuwamo, la nne kutoka juu. Baada ya wiki mbili mtu akaja akabandika kikaratasi juu ya bei: elfu saba.

"Mafuta yamepanda," alisema Beatrisi, jirani yake wa meza sokoni.

"Viazi vyangu navyo vinasafiri kwa mafuta hayohayo. Mbona havijapanda?"

"Wewe nawe, mama Judi! Kwako kila kitu kina mtu nyuma yake."

"Kwani hakina?"

Kilichomkereketa zaidi ni simu ya Judith mwenyewe. "Mama, usije. Kiingilio ni ghali. Nitakusimulia." Mtoto huyu hajawahi kuuonea huruma mfuko wa mama yake. Ada aliidai kwa sauti, viatu akavidai kwa machozi. Leo ndiyo kajua ghali? Ama anamwonea haya muuza viazi mbele ya wasomi wa Njombe, ama kuna jambo hataki alione. Oktavia akaapa atakwenda, ajue ni lipi.

Jumamosi jioni alifika ukumbini Njombe, baridi imemng'ata masikio. Mlangoni alikaa Rodrick, katibu wa kikundi cha maigizo, suti imembana makwapani.

"Shikamoo mama. Elfu kumi na mbili."

"Marahaba. Bango linasema saba."

"Lile la zamani."

"Zamani ya lini? Juzi?"

"Kuna gharama, mama. Viti, jenereta, chakula cha wageni."

"Na mfadhili je? Si mmeandika hapo mfadhili ni Hilario, mnunuzi wa viazi? Yeye anafadhili nini, mlango?"

Watu wa nyuma walicheka. Rodrick hakucheka. Oktavia akafungua fundo la khanga, akatoa pesa zote, na nauli ya kurudi humohumo, akapewa tiketi.

Ndani, safu mbili za mbele zilivikwa vitambaa vyeupe. Hilario alikuwa katikati, kajiegemeza kama yuko sebuleni kwake, na watu wake kulia na kushoto. Oktavia aliwatazama mikononi. Hakuna hata mmoja aliyeshika tiketi.

Kisha Judith akatokea jukwaani. Kafunga kitenge upande kama mama yake, kashika kiuno kama mama yake, hata kikohozi kile kifupi kabla ya kutaja bei anacho. Ukumbi ukavunjika mbavu. Oktavia naye akacheka. Mwanangu ana kipaji, aliwaza. Kumbe aliogopa nitanuna?

Likaletwa gunia. Mnunuzi wa kwenye mchezo akalijaza, akashindilia, akaongeza kishungi juu: lumbesa, gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Hapo kicheko kikamkauka Oktavia. Siku hiyo anaikumbuka. Ilikuwa mvua za mwaka juzi, vijana wa Hilario walipomfanyia vilevile, naye akalikalia gunia lake mpaka bwana vipimo akaletwa. Soko zima liliona.

Jukwaani Judith akapiga magoti. "Asante, baba. Shindilia tu, mimi nitapata wapi mnunuzi mwingine?"

Safu za mbele zikapiga makofi. Hilario akaitikia kwa kichwa, karidhika.

"Judith!" Oktavia alikuwa amesimama. "Nilipiga magoti lini?"

Rodrick akaja mbio kupitia kando. "Mama, kaa. Huu ni mchezo tu."

"Basi mchezo unaongopa. Judith, nani kakuambia nilipiga magoti?"

Judith alibaki pale chini, kajiinamia. "Ndivyo walivyoandika, mama. Nilikwambia usije."

"Walioandika ni akina nani?"

Judith aliitazama safu ya mbele, akaitazama kwa muda mrefu, na watu wote wakageuka kutazama alikotazama. Kisha akainuka. Akafungua kamba ya gunia na kuanza kupunguza kishungi, kiazi kimoja kimoja, akivitupa sakafuni. Vikabingirika mpaka vikadondoka kutoka jukwaani, vikaishia kwenye viatu vya Hilario.

"Zima taa!" Hilario alifoka. "Rodrick! Zima!"

Rodrick aliukimbilia ukuta. Lakini kwenye viti vya nyuma mzee mmoja wa kijiji cha Kifanya, koti limemlowa mvua, alishasimama mbele ya swichi.

"Haizimwi," alisema. "Tumelipa."